Punje nyeupe ndani ya bua la tifa: jibu kuhusu nyigu Cotesia typhae

Swali hili limetoka kwa mwalimu wa biolojia anayefundisha shule ya upili upande wa Ruai. Anaeleza kwamba alipasua bua la mmea wa kinamasi ulioota kando ya kijito karibu na kwake, akamkuta ndani kiwavi wa rangi ya waridi aliyelegea, na ubavuni mwake rundo la vitu vyeupe vidogo kama punje za mchele vilivyoshikamana kwa nyuzi. Jirani yake alimwambia kuwa hayo ni mayai ya kiwavi na kwamba ayachome moto kabla hayajahamia kwenye mahindi. Mwalimu mwenzake, alipoiona picha, akasema huyo ni nyigu aitwaye Cotesia typhae. Muulizaji anataka kujua ni nani kati yao aliyesema kweli, nyigu huyo ana nafasi gani katika uainishaji wa wadudu, anapatikana wapi na anaishi vipi.

Mwalimu, nianze na jirani kwa kuwa jibu lake ni fupi. Kiwavi hatagi mayai. Kiwavi ni mtoto wa nondo, na kutaga ni kazi ya nondo mwenyewe baada ya kupita hatua ya bundo, ile ya kugeuka kutoka kiwavi kuwa nondo. Hizo punje ulizoziona ni vifukofuko vya hariri, na ndani ya kila kimoja yumo nyigu mmoja anayekua, ambaye siku chache kabla ya wewe kupasua bua alikuwa akiishi ndani ya mwili wa kiwavi huyo huyo. Ukivichoma, utaangamiza kizazi kizima cha adui wa viwavi, na kiwavi uliyemwona amelegea atakufa hata usipomgusa.

Mwenzako yuko karibu zaidi na ukweli, ila amekimbilia jina. Picha uliyoituma, pamoja na maelezo ya bua na kiwavi, inanifikisha kwenye kundi dogo la nyigu wanaofanana sana liitwalo kundi la Cotesia flavipes. Kutoka hapo hadi kulitaja jina typhae kuna hatua ambazo picha ya simu haiwezi kuzivuka, hata ikiwa safi kiasi gani, na sababu yake ndiyo inayonipa hamu ya kulijibu swali lako kwa urefu.

Jenasi Cotesia imo katika familia ya Braconidae, kwenye familia ndogo ya Microgastrinae, ambayo karibu wote ni nyigu wadogo weusi wanaolelewa ndani ya viwavi wa vipepeo na nondo. Jina la jenasi lilitolewa na Peter Cameron mwaka 1891 alipomweleza Cotesia flavipes, na mwaka 1906 yeye yule akamwelezea ndugu yake wa Afrika, ambaye leo tunamwita Cotesia sesamiae. Kwa miongo mingi nyigu hawa walitiwa wote katika jenasi moja kubwa mno, Apanteles, hadi W. R. M. Mason alipoigawa upya mwaka 1981. Kwa hiyo ukiingia maktaba na kukuta kitabu cha zamani cha kilimo kinachozungumzia Apanteles sesamiae, ujue ni mdudu yule yule, kabadilishiwa jina.

Ndani ya jenasi hiyo, kundi la flavipes lina spishi chache zilizogawana dunia: flavipes asili yake ni Asia, sesamiae ni wa Afrika kusini mwa Sahara, chilonis yuko Asia ya Mashariki, nonagriae yuko Australia, na wa mwisho kupewa jina ni typhae. Wote wana urefu wa milimita mbili hadi tatu. Wote wana kifua kilichobanwa kutoka juu kwenda chini kana kwamba mtu amewakanyaga kidogo, na majike yao yana vipapasio vifupi kuliko vya madume, ingawa pande zote mbili zina pingili 18 zile zile. Ubapa huo una kazi yake, nami nitaurudia nitakapofika kwenye tabia zao. Kwa mtu anayetaka kuwatenganisha, hata hivyo, ni balaa, kwa sababu wote wana umbo la kazi moja. Wataalamu walipotaka kumtofautisha flavipes na sesamiae walilazimika kutazama viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini, jambo ambalo simu haiwezi.

Sasa, typhae alitokaje? Historia yake ni ya nyumbani. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, kilichoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo na ambacho leo makao yake ni Duduville kule Kasarani, kimewashughulikia viwavi watoboao mabua ya mahindi na mtama kwa miaka mingi. Watafiti wengi wa mabua walikuwa wakitazama shamba tu, na si ajabu, kwani shambani ndiko njaa inakoanzia. Lakini kikundi kimoja kilichofanya kazi Nairobi pamoja na taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa maendeleo, IRD, akiwamo Bruno Le Ru na Paul-André Calatayud, kilijitia matopeni kupasua mabua ya nyasi na mimea ya mwituni, wakikusanya kila kiwavi na kila nyigu aliyetoka kwake. Walipolinganisha vinasaba vya nyigu wote waliokuwa wakiitwa sesamiae, wakakuta baadhi yao wanasimama kando. Hao walitoka karibu kila mara kwa nondo mmoja, Sesamia nonagrioides, aliyekuwa akila mmea mmoja wa kinamasi, Typha domingensis, na hawakuzaana na sesamiae wengine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015 kama mfano wa spishi mpya inayojitenga mbele ya macho yetu. Mwaka 2017, katika jarida la ZooKeys, Jose Fernandez-Triana wa Kanada alimpa jina rasmi ndani ya makala iliyoongozwa na Laure Kaiser wa Ufaransa. Jina typhae maana yake si zaidi ya “wa Typha”.

Ninapenda jinsi makala ile ilivyofanya kazi yake. Haikutegemea umbo peke yake. Iliweka pamoja umbo, vinasaba, mmea, kiwavi, eneo, na namna nyigu anavyotaga, na ni pale tu ushahidi huo wote ulipoelekea upande mmoja ndipo jina likatolewa. Kwa nyigu wa namna hii, kumweka kwenye pini bila kuandika alitoka kwa kiwavi gani ndani ya mmea gani ni kutupa nusu ya kitambulisho chake.

Hapo ndipo nina neno kuhusu mmea wako. Katika barua umeuita matete. Hapa kwetu watu huita matete karibu kila kitu kirefu kinachoota majini, na mafunjo nayo huchanganywa humo. Matete halisi yana bua gumu lenye vifundo, na kilele chake ni shada la manyoya. Mafunjo yana bua lenye pembe tatu na kichwa kilichotawanyika kama nywele. Typha, ambao mimi nitauita tifa, una majani marefu bapa yanayosimama wima kama panga, na kichwa chake cha kahawia kinafanana na soseji iliyochomekwa kwenye kijiti. Maelezo yako ya “kichwa kinachotoa pamba kikikauka” ni ya tifa, na kwa sababu hiyo nimeuandika hivyo kwenye kichwa cha jibu hili. Kama ungenikuta na picha ya bua la mahindi, ningesema ni sesamiae au flavipes na kulala usingizi.

Kuhusu kiwavi, rangi ya waridi haitoshi. Sesamia calamistis, ambaye hushambulia mahindi, naye ni wa waridi, na ndugu kadhaa wa jenasi hiyo wanaoishi kwenye nyasi za majini ni hivyo hivyo. Wenye uhakika hutofautisha nondo waliokomaa kwa viungo vya uzazi, au kwa vinasaba.

Sasa tumtazame nyigu mwenyewe akifanya kazi, maana tabia zake ni nzuri kuliko jina lake. Jike aliyekwisha kupandwa hatafuti kiwavi kwa macho, kwa kuwa kiwavi amejificha ndani ya bua. Hufuata harufu. Kiwavi anayekula ndani ya bua husukuma nje kinyesi chake chenye unyevu, kile kinachoonekana kama vumbi la msumeno lililolowa likining'inia kwenye tundu, na kinyesi hicho ndicho kinachomsaliti. Nimewahi kukaa mbele ya kioo nikimtazama jike akifika kwenye tonge la kinyesi: husimama, huinamisha vipapasio viwili na kuvigonga juu yake haraka haraka kama mpiga ngoma anayejaribu ngozi, hugeuka, hugonga tena, kisha ghafla huingia kwenye tundu mwili mzima. Hapo ndipo ule ubapa na vipapasio vifupi vinapopata maana, kwani mtaro ni mwembamba na umejaa uchafu, na ndani yake yumo mnyama mkubwa kuliko nyigu kwa mara nyingi sana.

Na mnyama huyo hujitetea. Hugeuka, hutema mate, na huuma. Katika kundi la flavipes sehemu kubwa ya majike huuawa humo humo ndani ya mtaro, na hali hiyo inaeleza kwa nini wanataga kwa pupa. Kuchoma kwa jike huchukua sekunde chache tu, na katika sekunde hizo humwaga ndani ya kiwavi makumi ya mayai, wakati mwingine kukaribia mia. Nyigu mwenye nafasi ya kutaga mara mia hugawa mayai yake mojamoja. Huyu wetu, ambaye akiingia tunduni huenda asitoke, huweka sehemu kubwa ya mali yake kwenye kiwavi wa kwanza anayempata. Hata akisalimika, umri wake wa utu uzima ni siku chache.

Mayai peke yake yasingefika mbali. Damu ya kiwavi ina seli za kinga ambazo hukizingira kitu kigeni tabaka kwa tabaka hadi kikakosa hewa na kufa. Nyigu wa Cotesia hushinda kinga hiyo kwa njia inayonishangaza hadi leo: pamoja na mayai, jike humwaga chembe za virusi zinazotengenezwa ndani ya viungo vyake vya uzazi. Zamani sana, takriban miaka milioni 100 iliyopita, babu wa nyigu hawa aliambukizwa virusi ambavyo vinasaba vyake viliingia ndani ya vinasaba vya nyigu na havikutoka tena; tangu hapo kila nyigu wa ukoo huo huzaliwa navyo. Chembe hizo hazizaliani ndani ya kiwavi. Kazi yake ni kuingia kwenye seli zake na kuzitia amri zinazoilegeza kinga, na mojawapo ya vinasaba vinavyobebwa, kiitwacho CrV1, huvuruga uwezo wa seli hizo kushikamana na kuzingira yai.

Vinasaba hivyo vya virusi havifanani kutoka ukoo mmoja wa nyigu hadi mwingine, na hilo ndilo lililowafumbua macho watafiti hapa Kenya. Sesamiae waliotoka Kitale waliweza kukua ndani ya Busseola fusca, kiwavi mkuu wa mahindi ya nyanda za juu. Sesamiae waliotoka Mombasa, wenye umbo lile lile, mayai yao yalizingirwa na kuuawa ndani ya kiwavi huyo huyo. Mkulima angewachukua kuwa nyigu wale wale. Kwa upande wa typhae mgawanyiko huo umefika mbali zaidi hadi spishi kutengana, kwa sababu kiwavi wake ni mmoja, mmea wake ni mmoja, na mahali pake ni pa majimaji, kando na mashamba. Katika spishi ya sesamiae kuna kizuizi kingine tena: bakteria wa Wolbachia waliomo ndani ya seli za baadhi ya koo, ambao hufanya dume aliyeambukizwa ashindwe kuzaa na jike asiyeambukizwa.

Baada ya takriban wiki mbili katika joto la maabara, mabuu huwa wamemaliza kunywa damu na mafuta ya kiwavi bila kumuua, kwani kiwavi akifa mapema nao wanakufa. Kisha hutoboa ngozi yake wote kwa karibu wakati mmoja. Ukiwa na subira na kioo cha kukuza utaona ubavu wa kiwavi ukifura vipele vyeupe, kila kipele kikirefuka, na buu mdogo akijinyonga kutoka huku kichwa chake kikiyumba kulia na kushoto akitandaza hariri hata kabla mkia haujatoka. Ndani ya saa chache rundo lote limefungwa. Hayo ndiyo uliyoyakuta.

Nyigu wazima hutoka kwenye vifukofuko baada ya siku tano hadi saba hivi. Majike huwa wengi kuliko madume, na jike ndiye huamua: yai lililorutubishwa huwa jike, yai ambalo halikurutubishwa huwa dume. Kujamiiana hufanyika mara moja, hapo hapo, mara nyingi kati ya kaka na dada. Wanafunzi wako watacheka, lakini waeleze kwamba katika flavipes na sesamiae imeonekana kuwa ndoa hizo za ndugu haziwaharibii hesabu ya jinsia, tofauti na nyigu wengine wengi ambao hupata madume wagumba kwa njia hiyo.

Mahali anapopatikana: typhae ameelezwa kutoka Afrika Mashariki, na koo mbili zilizochunguzwa zaidi zimepewa majina ya sehemu za Kenya zilikotoka. Moja ni Kobodo, magharibi upande wa Ziwa Victoria. Nyingine ni Makindu, ile ya barabara ya Mombasa ambapo wasafiri wengi husimama kwenye hekalu la Masingasinga kula chakula. Jina la mahali hapo hunikumbusha mikindu, mitende ya mwituni inayopenda maji, na kweli ni maji yaliyomleta nyigu huyu pale katikati ya ukame. Nondo wake, Sesamia nonagrioides, ana eneo pana zaidi kuliko yeye, kwani yuko Afrika na pia kandokando ya bahari ya Mediterania, Uhispania, Ufaransa na Ugiriki, ambako ni mharibifu mkubwa wa mahindi. Kwetu kiwavi huyo hukaa zaidi kwenye mimea ya kinamasi, na ndiyo maana woga wa jirani yako kuhusu mahindi hauna uzito sana. Kule Ulaya typhae hayuko kiasili, na Wafaransa wamekuwa wakimchunguza ili kuona kama anafaa kupunguza viwavi hao. Ukoo wa Makindu hufanikiwa zaidi kuliko wa Kobodo katika kiwavi wa Kifaransa, na tofauti hiyo inarudi kwenye vita vile vile vya kinga na virusi. Sisi wenyewe tulishawahi kupokea mgeni wa kundi hili: flavipes aliletwa na icipe kutoka Pakistani, akaachiliwa Pwani mwaka 1993 dhidi ya Chilo partellus, kiwavi mwingine mtoboa mabua ya mahindi na mtama, na nyigu huyo akashika makazi.

Ruai iko kati ya sehemu hizo mbili, na tifa imejaa kwenye mikondo ya maji ya huko. Kwa hiyo dhana ya mwenzako si ya kudharauliwa. Ningeipa nafasi nzuri, lakini bado ni dhana.

Ukitaka kuithibitisha, rudi kijitoni ukatafute mabua yenye kinyesi kibichi kwenye tundu, uyakate chini ya tundu, na uyapasue kwa wembe kwa urefu, taratibu. Usiingie maji usiyoyajua kina. Rundo la vifukofuko uliweke pamoja na mzoga wa kiwavi ndani ya chupa safi, na mdomoni ufunge kitambaa kizito cha pamba, kwa mfano kipande cha leso. Ninakutajia leso kwa makusudi, kwani mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumia kipande cha chandarua, nikaenda nyumbani nimeridhika, na asubuhi nikakuta chupa imejaa vifukofuko vitupu na dirisha limejaa nyigu. Tundu linalomzuia mbu halimzuii mdudu huyu. Tone la asali iliyochanganywa na maji kwenye pamba litawaweka hai siku mbili tatu ili wanafunzi wawatazame, hawamdhuru mtu. Usishtuke baadhi ya vifukofuko vikitoa nyigu wadogo zaidi wa umbo tofauti, kwa sababu Cotesia naye ana wanaomla akiwa ndani ya hariri yake, kama Aphanogmus fijiensis.

Baadaye watie wote, madume kwa majike, kwenye pombe ya maabara ya asilimia 95, si ile ya duka la dawa iliyochanganywa maji mengi, kwani vinasaba vitaoza. Mzoga wa kiwavi utie kwenye chupa yake peke yake. Kipande cha bua pamoja na kichwa cha tifa vikaushe ndani ya gazeti. Kila chupa itiwe ndani yake karatasi iliyoandikwa kwa penseli, maana wino huyeyuka kwenye pombe: tarehe, mahali, jina la mmea, na namba inayounganisha nyigu, kiwavi na bua. Ukivifikisha Kasarani vikiwa hivyo, vitatu pamoja, kuna watu watakaoweza kukwambia kama ni typhae.